Miaka 64 ya Fred Risser katika bunge la Wisconsin: alifanya nini ambacho mbunge aliyewekewa ukomo wa miaka 12 asingeweza?

Mtafiti wa Mabunge aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Ninaandaa mada kuhusu wabunge waliodumu muda mrefu, na aliyenishughulisha zaidi si mtu wa Washington, bali ni Fred Risser wa mji wa Madison, ambaye alichaguliwa mwaka 1956 kuingia baraza la chini la bunge la jimbo la Wisconsin, akahamia Seneti ya jimbo hilo kwa uchaguzi mdogo wa mwaka 1962, na hakuondoka hadi Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 93. John Dingell wa Michigan, mwenye rekodi ya Kongresi ya Marekani, alitumikia miaka 59. Michigan hiyohiyo leo haimruhusu mtu kukaa katika bunge la jimbo zaidi ya miaka 12, ilhali Wisconsin haina ukomo wowote. Ninachoomba kuelezwa ni hiki: je, ipo kazi ambayo Risser aliifanya kwa sababu alidumu, au alidumu tu kwa kuwa hapakuwa na wa kumwondoa?

Mkazi wa Madison alijibu:

Ndugu Mtafiti, nimeishi jimbo hili tangu mwaka 2006, na kwangu jibu linaanzia jikoni. Nilipofika nilipata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wenye baa, katika mji mdogo ulio mbali na Madison, na kila usiku nilirudi nyumbani macho yakiniwasha na nguo zikinuka moshi wa sigara za wateja. Tarehe 5 Julai 2010 moshi huo ulikoma kwa siku moja, kwa kuwa ndiyo siku sheria ya kupiga marufuku uvutaji sigara katika baa, migahawa na mahali pa kazi ilipoanza kutumika jimbo zima. Risser alikuwa mmoja wa waliousukuma muswada huo kwa bidii kuliko wengine. Wenye baa wana sauti kubwa mno katika siasa za Wisconsin, na hoja ya namna hiyo huweza kushindwa mara nyingi kabla haijapita, kwa hiyo anayeisimamia anapaswa kuwepo tena bungeni mwaka unaofuata ili aianze upya.

Sharti pia mjue kwamba alizaliwa katika kazi hiyo. Babu wa mzazi wake, kanali wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alikaa katika bunge la Wisconsin. Babu yake vilevile, na baba yake vilevile. Watu wa hapa hupenda kukumbusha kwamba vizazi hivyo vinne vilipitia vyama vinne tofauti: Unionist, Republican, Progressive, na yeye mwenyewe Democratic. Alikuwa pia mkongwe wa mwisho wa Vita Kuu ya Pili aliyebaki katika bunge la jimbo lolote la Marekani.

Mwalimu wa Uraia alijibu:

Ninaheshimu ushuhuda wa ndugu yetu, lakini sikubaliani na mwelekeo wake. Eneo la uchaguzi la Risser lilikuwa na chuo kikuu na ofisi za serikali, kiti ambacho chama chake hakikuwa na hofu ya kukipoteza, na vizazi vinne vya ukoo mmoja katika bunge moja si jambo la kulisifu bila kulipima. Tazameni jimbo jirani la Illinois, ambako Michael Madigan aliingia bungeni mwaka 1971 na akawa Spika kwa jumla ya miaka 36. Alidhibiti miswada, fedha za kampeni na uteuzi wa wagombea kiasi kwamba hata magavana walimnyenyekea, na mwaka 2025 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka saba na nusu kwa makosa ya rushwa. Sisemi kwamba Risser alitenda hayo, ila nasema kwamba hatuwezi kuukabidhi usalama wa bunge kwa tabia njema ya mtu mmoja.

Msomaji wa Hukumu alijibu:

Mwalimu, tofauti ya watu hao wawili inaonekana katika matumizi ya mamlaka, wala si katika tabia tu, na hapa ndipo swali la Ndugu Mtafiti linapopata jibu lake hasa.

Tangu mwaka 1930 gavana wa Wisconsin anaruhusiwa kukataa sehemu ya muswada wa fedha na kuidhinisha iliyobaki. Gavana Tommy Thompson, aliyeingia madarakani mwaka 1987, aliitumia ruhusa hiyo kwa kufuta herufi mojamoja ndani ya maneno, hata zilizobaki zikaunda maneno mapya ambayo bunge halikuyapitisha kamwe. Mahakama Kuu ya jimbo ikambariki mwaka 1988, na ikabidi wapiga kura wabadilishe katiba mwaka 1990 ili kuikomesha mbinu hiyo. Risser aliyapeleka madai yake dhidi ya mamlaka hayo ya gavana katika mahakama za shirikisho, ambako alishindwa mwaka 1991. Hakukoma. Gavana alipofuta kiwango cha hatifungani za uchukuzi kilichowekwa na bunge na kuandika kiwango kidogo zaidi, Risser alirudi mahakamani, safari hii ya jimbo, na mwaka 1997 akashinda: iliamuliwa kwamba gavana anaweza kupunguza tarakimu ya fedha iliyoidhinishwa kutumika, lakini si tarakimu nyingine yoyote ya muswada.

Mtu anayejua kwamba ataondoka baada ya vipindi vichache hana sababu kubwa ya kutumia miaka yake kulinda mpaka kati ya bunge na gavana, kwa kuwa faida yake itavunwa na wengine. Mwaka 2011 Risser, akiwa na miaka 83, alikuwa miongoni mwa maseneta 14 wa chama cha Democratic waliokwenda Illinois ili akidi isitimie. Chama cha Republican kilikuwa na viti 19 kati ya 33, na muswada wa fedha ulihitaji maseneta 20 ukumbini. Walikaa huko zaidi ya wiki tatu, lakini maseneta wa Republican wakaondoa vipengele vya fedha na kuipitisha sheria iliyobana haki ya watumishi wa umma kujadiliana na mwajiri wao kupitia vyama vyao. Walishindwa, na ninaona ni haki kulisema hilo waziwazi.

Mwalimu wa Uraia alijibu:

Hoja ya mahakama ninaikubali, ingawa mlango haukufungwa wote: mwaka 2023 Gavana Tony Evers, wa chama cha Risser mwenyewe, alifuta tarakimu na kistari katika muswada wa bajeti, na nyongeza ya fedha za shule iliyokusudiwa miaka miwili ikawa ya hadi mwaka 2425. Mahakama Kuu ya jimbo iliridhia mwaka 2025.

Mtafiti wa Mabunge alijibu:

Ninawashukuru nyote. Mada yangu sasa nitaianza na kesi ya mwaka 1997, kisha nitaiweka hiyo ya Gavana Evers karibu yake, ili wasomaji waone mzozo ule ulipofika baada ya Risser kuondoka.