Nikisema ni mkalimani wa lugha ya ishara mnaanza kupunga mikono. Mna shida gani?

Wadau, nimechoka. Hapa Kisumu na viunga vyake huwezi kukaa kwenye hema la matanga bila MC kukusimamisha ujitambulishe: jina, kwenu wapi, unafanya kazi gani. Daktari anapigiwa makofi. Mwalimu, makofi. Mimi nikitaja yangu, kicheko.

Jumamosi huko Ahero MC alikataa nikae mpaka nionyeshe vile watu hutongozana kwa ishara. Jeneza liko pale mbele! Kisha akaanza kuchezesha vidole usoni kama anayefukuza nzi, hema zima likavunjika mbavu. Shemeji ya marehemu, ambaye ni kiziwi, alikuwa amekaa mstari wa pili akinikodolea macho, maana mimi ndiye nilikuwa nikimfikishia hotuba. Aliyaona yote. Akaniuliza wanacheka nini. Nyinyi mngemjibu nini?

Halafu maswali. "Kumbe unaongea?" "Hiyo ni kazi ama unajitolea?" Na lile la wasomi: "Si ishara ni zile zile dunia nzima?" Wapi! Ya Kenya ni lugha kamili, ina sarufi yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge sawa na Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 nayo iliamuru televisheni ziweke mkalimani au maandishi kwenye taarifa ya habari. Kile kidirisha cha kwenye kona mlidhani ni pambo?

Kwa malipo ndipo hasira hunipanda kabisa. Kamati ya harusi ina pesa za hema, za spika, za keki ya ghorofa tatu. Ikifika kwangu, "Mungu atakubariki, dada." Tukija wawili wananung'unika eti mmoja amekaa bure. Huyo hajakaa bure! Akili ndiyo huchoka kabla ya mikono. Dakika 20 au 30 zikipita unaanza kudondosha maneno, ndiyo sababu tunapokezana.

Shangazi yangu ameamua kuwaambia wageni nafanya kazi benki. Sasa wananiomba mkopo.

Wenye kazi kama hizi zetu, mnajitambulishaje? Na asije mtu hapa kuniambia nivumilie.