Dawa ya maji ya kugandisha udongo: je, itaifaa barabara yetu ya changarawe?

Mkaaji wa Annexe
Ndugu zangu, nawasalimu. Barabara yetu ya changarawe hapa Lubumbashi, katika komini Annexe, ina urefu wa kilometa mbili hivi. Kila msimu wa mvua hulainika na kukatika, na ukifika mwezi wa sita kamioni zinatumwagia vumbi jekundu hadi ndani ya masufuria. Kamati ya kartiye imechangisha fedha kidogo, na sasa mfanyabiashara mmoja ametuletea dawa ya maji yenye vimeng'enya (enzymes) ambayo, kwa maelezo yake, ikichanganywa na udongo uliopo hatutanunua lateriti, yaani udongo mwekundu wa kujengea barabara, tena. Kabla hatujalipa, naomba wenye ujuzi watueleze kama teknolojia hizi mpya zinawafaa watu wenye mfuko mdogo kama sisi, na tuanzie wapi.

Injinia wa Kampemba
Salamu, papa. Vimeng'enya si uongo, ila hufanya kazi pale tu ambapo udongo una mfinyanzi, yaani udongo laini unaonata, wa kutosha. Kwenye lateriti yenye mchanga au kokoto nyingi havipati cha kushika, na hata penye mfinyanzi matokeo hutofautiana sana kati ya udongo na udongo. Kwa hiyo mwambieni muuzaji achukue udongo wa barabara yenu wenyewe, si wa mahali pengine, atengeneze sampuli mbili, moja yenye dawa na nyingine isiyo nayo, zilowekwe majini siku nne kisha zipimwe nguvu kwa kipimo cha CBR, kinachoonyesha udongo unaweza kubeba uzito kiasi gani. Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuulizia kipimo hicho. Akikataa, agana naye kwa heshima.

Lakini maji ndiyo adui wa kwanza, na hakuna dawa inayochukua nafasi ya mtaro. Barabara ya changarawe inatakiwa kuwa na mgongo, yaani katikati iinuke ili kila upande uteremke kwa asilimia 4 hadi 6. Ikiwa bapa, maji hukaa juu yake, magurudumu huyakanyaga, na shimo huzaliwa. Hesabu yake ni hii: barabara ya upana wa meta 5 ikipoteza sentimita 2 za changarawe kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa penye magari mengi, kila kilometa imepoteza meta za ujazo 100, ambazo ni kamioni 10 zenye kubeba meta za ujazo 10 kila moja. Vijana wenye majembe wanaozibua mitaro kabla ya Novemba wanaokoa sehemu kubwa ya kamioni hizo.

Mama wa Ruashi
Asante, injinia. Vipi kuhusu chumvi za kuzuia vumbi, na zile skori nyeusi, mabaki ya tanuru, za mlima ulio karibu na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines? Kwetu kuna watu wanaozitaka zimwagwe barabarani kwa sababu ni ngumu kama chuma.

Injinia wa Kampemba
Mama, kloridi ya kalsiamu hutuliza vumbi kwa kuvuta unyevu wa hewani. Kiangazi chetu ni kikavu mno, hivyo huvuta kidogo wakati ule ule tunaouhitaji, na mvua za kwanza huiyeyusha na kuipeleka mtaroni. Mimi nisingeinunua. Skori ni ngumu kweli na maji hupita ndani yake vizuri, lakini ni mabaki ya tanuru ambayo bado yana metali, kama vile kobalti na zinki. Zisimwagwe karibu na visima kabla ya kupimwa ni kiasi gani kinachotoka zinapolowa.

Fundi wa Likasi
Niongeze mambo mawili. Penye mfinyanzi unaoteleza, chokaa ndiyo dawa iliyothibitika zaidi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Msidanganyike, hata hivyo, kwamba ni rahisi: tabaka la sentimita 15 kwa upana wa meta 5, likiwekwa asilimia 4, hula takriban tani 54 kwa kilometa. Itumieni kwenye mteremko mbaya tu, si barabara nzima, na wanaochanganya wavae miwani na glavu, kwa maana chokaa huunguza macho.

La pili ni magunia. Wajapani wana ufundi uitwao do-nou, ambao Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto ameueneza katika nchi kadhaa za Afrika. Mnachimba sehemu inayozamisha magari, mnapanga magunia ya plastiki, hata yale ya unga, yaliyojazwa kokoto au udongo mzuri kwa kiasi kinacholingana, mnayashindilia kwa kigogo cha mti, kisha mnarudia tabaka la pili. Gari likipita juu, gunia hukazika na kuubana udongo uliomo ndani. Sharti lifunikwe kwa changarawe, kwani jua hulichakaza haraka. Kazi hii haihitaji greda wala dawa ya mtu.

Mkaaji wa Annexe
Nimewaelewa, nami nitamwomba muuzaji sampuli hizo mbili. Fundi, kwetu sehemu inayozamisha magari iko chini ya mteremko, na maji ya pande zote mbili hukutana hapo. Magunia yatahimili?

Fundi wa Likasi
Hayatahimili, papa, kama maji hayana njia ya kutokea. Wekeni kwanza kalvati chini ya barabara mahali hapo, na magunia yapangwe kuizunguka na juu yake.