Gari imelowa, injini inamisi (silinda inakosa kuwaka): kompresa, WD-40 au koili mpya?

Mkaazi wa Chumbageni: Assalam aleikum wadau. Jana nimekatiza dimbwi pale Ngamiani, maji yakaruka mpaka ndani ya boneti. Leo Toyota IST yangu, injini 1NZ, inatetemeka kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) na taa ya injini inawaka na kuzima. Fundi mmoja kaniambia nibadili koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi za cheche. Jirani anasema WD-40, ile dawa ya kupuliza, yatosha. Nimfuate nani?

Spana Kumi: Pole ndugu yangu. Taa ikipepesa hivyo usiiendeshe kabisa, petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi). Koili nne hazifi usiku mmoja. Maji yametuama kwenye shimo la plagi, umeme unatorokea kwenye bodi. Acha injini ipoe, chomoa koili, upulize mashimo kwa kompresa KABLA ya kufungua plagi. Ukitanguliza plagi, maji na mchanga vinadondokea kwenye silinda.

Bi Raskazone: Mie WD-40 ilinifaa kwenye Corolla ya zamani yenye distributa (kigawa umeme kwa plagi). Nilifuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, nikapuliza kidogo, ikawaka. Wiki ya pili ikarudia. Usiku nikafungua boneti gizani: cheche za buluu zinatambaa juu ya waya za plagi! Zilikuwa na nyufa. Dawa ile inafukuza maji, ufa haizibi.

Pongwe Juu: Kwa 1NZ, pima kwa mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) kwanza. Ikisoma P0302, tatizo liko silinda ya pili. Hamisha koili ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uirudishe ya pili, futa kodi, washa. Ikihamia P0303, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, angalia plagi.

Spana Kumi: Hapo umenena. Na kagua soketi za koili, chumvi ya bahari huku kwetu inaotesha ukungu wa kijani kwenye pini. Ukikuta oili shimoni, hiyo ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), maji hayahusiki.

Mkaazi wa Chumbageni: Nimerudi wapenzi. Shimo la pili lilikuwa na maji. Tumekausha, bado ikasoma P0302. Tukabadilishana koili, ikahamia P0303. Mpira wa koili ile una ufa mwembamba kama unywele. Nimenunua mpira peke yake, na sailensa imetulia. Spana Kumi, koili nne umeniokolea.