Breki zinachelewa kushika, hasa nikiteremka kutoka Manyovu: ninunue masta silinda?

Mkazi wa Mwanga

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri kuhusu gari langu, steshen wagoni ndogo ya petroli yenye giaboksi ya otomatiki, diski mbele na dramu nyuma, ambalo hulitumia kufuata maharage na ndizi Manyovu na kuzileta hapa Kigoma mjini. Siku hizi nikikanyaga breki, kanyagio hushuka karibu nusu ya mwendo wake kabla gari halijaanza kupunguza kasi, lakini nikiliachia na kulikanyaga tena upesi, hushika likiwa juu kabisa. Mjini ninavumilia. Nikiwa na mzigo kwenye miteremko ya kurudi Mwandiga, hali huwa mbaya zaidi, na nikifika chini kanyagio huwa laini. Mafuta ya breki hayapungui kikoponi. Fundi wangu, bila kufungua gurudumu hata moja, amesema masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, imekufa na kwamba niagize nyingine Dar es Salaam. Kabla sijatuma fedha, ningependa kusikia maoni yenu.

Dereva wa Kasulu

Pole sana, ndugu. Mimi ningeanza na busta, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, kwa sababu gari la rafiki yangu lilikuwa na dalili ya kuchelewa kama hiyo na tatizo likawa ni mpira unaounganisha busta na injini, ambao injini huvutia hewa kutoka kwenye busta, na ulikuwa umepasuka.

Fundi Mstaafu, Ujiji

Kwa heshima, ndugu wa Kasulu, busta ikifa kanyagio huwa gumu na dereva hulazimika kulisukuma kwa nguvu nyingi, ilhali mleta mada analalamikia kanyagio linaloshuka mno. Hata hivyo, kuipima hakuna gharama. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, kisha endelea kulikandamiza huku ukiwasha injini. Likizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi.

Sasa masta silinda. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, kandamiza kanyagio kwa nguvu ya wastani kwa muda wa nusu dakika. Iwapo linazama polepole kuelekea sakafuni ilhali hakuna mahali panapovuja, mipira ya ndani ya masta silinda inapitisha mafuta na fundi wako atakuwa sahihi. Iwapo linasimama palepale, usinunue chochote kwanza.

Kipimo cha tatu wengi hawakijui. Angalia breki ya mkono inapanda meno mangapi kabla haijashika. Kisha ivute kiasi na ukanyage breki ya mguu. Kama kanyagio sasa linashika juu zaidi kuliko kawaida, breki shuu za nyuma, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zimekaa mbali na dramu, na mwendo wote ule unaopotea ni wa kuzisogeza. Ndiyo sababu mkanyago wa pili huwa mzuri: ule wa kwanza umekwisha kuzisogeza shuu. Hewa ndani ya mfumo nayo huleta dalili inayofanana, ila kanyagio lenye hewa hubonyea kama sponji.

Mkazi wa Mwanga

Shikamoo mzee, na ahsante kwa maelezo. Nimefanya vipimo vyote nikiwa nimesimama uwanjani kwangu. Injini ilipowaka kanyagio lilizama kidogo, na nilipolikandamiza halikusogea. Breki ya mkono ninaivuta karibu hadi mwisho ndipo ishike, na nikikanyaga huku nimeivuta, kanyagio linakuwa juu kabisa. Jambo jingine ni kwamba mafuta yaliyomo kikoponi ni meusi kama kahawa, na tangu ninunue gari hili hayajabadilishwa.

Fundi Mstaafu, Ujiji

Marahaba. Basi una matatizo mawili, na masta silinda haimo. La kwanza ni shuu za nyuma. Ndani ya dramu kuna gurudumu dogo la meno linalotakiwa kujirekebisha lenyewe kadiri shuu zinavyolika, nalo kwa vumbi la barabara zetu huganda kwa kutu. Dramu zifunguliwe, kirekebishi hicho kisafishwe na kulainishwa kwa grisi ya breki, shuu zipimwe unene, na mipira ya silinda za magurudumu, zile ndogo zinazosukuma shuu, ifunuliwe kuona kama kuna unyevu. Baada ya hapo gurudumu la gari lizungushwe kwa mkono likiwa juu ya jeki: shuu ziguse dramu kwa mbali, kisha zirudishwe nyuma kidogo.

La pili ni mafuta, nayo ndiyo yanayokulegezea kanyagio mteremkoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na pedi zinazosuguliwa mteremko mzima hufika huko bila shida. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea. Badilisha yote, kisha toa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari mengi yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa, na usikubali kuongezewa mafuta ya usukani, maana huvimbisha mipira yote. Hapo ndipo utanunua masta silinda kwa kweli.

Dereva wa Kasulu

Nimejifunza, mzee. Nami niongeze kwamba kwenye miteremko ile gia iwekwe kwenye 2 au L kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilizuie gari na breki zipate kupoa.

Mkazi wa Mwanga

Nimetoka gereji nyingine leo jioni. Kirekebishi cha upande wa kushoto kilikuwa kimeganda kabisa, na silinda ya gurudumu hilo ilikuwa imeanza kulowa chini ya mpira wake, kwa hiyo nimeibadilisha pamoja na shuu za pande zote mbili. Mafuta mapya yamewekwa na upepo umetolewa. Kanyagio linashika juu kwa mkanyago wa kwanza. Swali langu la mwisho: shuu mpya zinahitaji muda gani kabla ya kubeba mzigo mzima?

Fundi Mstaafu, Ujiji

Zifanyie kazi hapa mjini kwanza, ukikanyaga kwa upole na bila mzigo, kwa kilomita mia mbili au tatu, kisha urudi zikazwe tena kidogo, kwa kuwa shuu mpya hukaa vizuri kwenye dramu baada ya kusuguana nayo.