Naomba ushauri: mlisho ninaoutengeneza kutoka faili za matini umerudisha matangazo yote ya zamani kama mapya

Mpanga_Mgao ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaisaidia kamati ya maji ya mtaani kwetu kuendesha tovuti ndogo ya matangazo. Kila tangazo ni faili moja ya matini, mstari wa kwanza ukiwa kichwa na inayobaki ikiwa habari yenyewe. Kuna programu ndogo ya kwenye terminali ambayo huisomesha folda nzima, nayo hunitolea mlisho mmoja, yaani orodha ya matangazo katika muundo uitwao Atom, ambao wakazi huufuatilia kwa simu zao. Kwa miaka miwili sikuwahi kulalamika.

Wiki iliyopita nilihamia kompyuta mpya, nikavuta faili zote kwa git clone (git ni programu inayotunza historia ya faili, na amri hii hunakili hifadhi yake nzima), kisha nikaendesha amri ileile ya siku zote. Matangazo yote 112 yakawafikia watu kama mapya. Mzee mmoja jirani yangu alisoma ratiba ya mgao ya mwaka juzi, akaamka saa kumi na moja alfajiri na kupanga ndoo zake sita mbele ya kioski ambacho siku hizi hakifunguliwi kabla ya saa tatu.

Nimegundua kwamba programu hii huchukua tarehe ya tangazo kutoka saa ambayo faili ilibadilishwa mara ya mwisho, na kitambulisho, yaani alama ya kipekee ya kila tangazo, hukiunda kwa kuunganisha jina la faili na saa hiyohiyo. Nafikiria kuandika kila kitu upya, nihamie RSS 2.0 ambao ni muundo mwingine wa milisho, na kuvipa vitambulisho vyote sura safi. Je, nitakuwa nimepona?

Bi_Nukta amejibu:

Mpe mzee pole. Git haihifadhi saa za faili, kwa hiyo ulipozivuta, zote zilipata saa ya dakika ileile zilipoandikwa kwenye diski yako mpya, na vitambulisho vyote vikabadilika kwa mpigo. Kisomaji cha milisho kinapoamua kama tangazo ni jipya, kwa kawaida hutazama kitambulisho, wala hakijali kwamba kichwa na maneno ni yaleyale kiliyokwisha kuyaonyesha. Kanuni za Atom, yaani waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 4287 wa Desemba 2005, zinadai wazi kwamba kitambulisho kisibadilike hata tangazo likihamishwa au kuchapishwa upya. Programu yako inakwenda kinyume na hilo tangu siku ya kwanza, ila ulikuwa hujahama.

Sasa nikusihi jambo moja: usivisafishe vitambulisho. Visomaji vya wakazi wako tayari vimeshahifadhi vile vya wiki iliyopita, na ukivibadilisha leo, hata kwa nia njema, utawarushia matangazo 112 kwa mara ya pili. Chukua mlisho ulivyo sasa, toa kitambulisho cha kila tangazo, kiandike ndani ya faili yake, halafu irekebishe programu isome mstari huo badala ya kubuni. Kwa matangazo yajayo ndipo utumie sura unayoipenda. Kichwa cha faili kinaweza kuwa hivi:

`Kichwa: Mkutano wa wanachama`
`Tarehe: 2024-03-04T08:00:00+03:00`
`Kitambulisho: tag:example.org,2024:mkutano-machi`

Tena punguza mlisho ubaki na matangazo 20 ya karibuni. Anayetaka ya zamani atayakuta kwenye tovuti.

Fundi_Ganda amejibu:

Nakubaliana na dada kuhusu vitambulisho, ila kuandika tarehe kwa mkono katika faili 112 ni adhabu. Git yenyewe inajua kila faili iliingizwa lini: `git log --follow --diff-filter=A --format=%aI -- faili.txt`.

Bi_Nukta amejibu:

Inajua faili iliingizwa lini kwenye git, si tangazo lilitolewa lini. Kama ndugu yetu alianza kutumia git baada ya mwaka mzima wa matangazo, ya mwaka huo wote yatapata tarehe moja. Amri hiyo itumike mara moja kujaza mistari ya tarehe, kisha binadamu aipitie.

Fundi_Ganda amejibu:

Hapo sina ubishi. Kuhusu kuhamia RSS 2.0, mimi nisingehama. Tarehe zake hufuata mtindo wa RFC 822, wenye majina ya siku na miezi kwa Kiingereza, na mwenye kompyuta iliyowekwa lugha ya Kiswahili akiziunda kwa amri ya `date` yenye `%a` (jina la siku) na `%b` (jina la mwezi) bila kutanguliza `LC_ALL=C` inayorudisha majina ya Kiingereza, atapata majina ya Kiswahili ambayo visomaji vingi havitayaelewa. Tarehe za Atom hazina majina ya siku wala ya miezi, hivyo shida hiyo haipo.

Angalia pia alama ya `&`. Kichwa kama "Maji & Usafi" kikiingia kikiwa kibichi, mlisho mzima unakataa kusomeka. Ukitumia sed, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili, ibadilishe `&` kwanza kabla ya `<`, na uandike `\&amp;` kwa mkwaju huo wa nyuma, kwa sababu ndani ya sed alama hiyo ikiwa peke yake humaanisha kilichopatikana. Kabla ya kupakia, endesha `xmllint --noout mlisho.xml` ikukagulie kama mlisho unasomeka.

Mpanga_Mgao ameandika:

Nashukuruni sana. Nimefanya kama dada alivyoelekeza, nikalinganisha vitambulisho vya mlisho wa zamani na mpya kwa diff, amri ya kuonyesha tofauti za faili mbili, na hakuna hata kimoja kilichotofautiana. Jana nilipakia tangazo la kufungwa kwa bomba, na kwenye simu ya mzee limeingia hilo moja tu.

Limebaki jambo ambalo sikulitarajia. Katibu wa kamati, ambaye sasa anajaza mstari wa tarehe mwenyewe, ameandika `T02:00:00` akimaanisha saa mbili asubuhi, ilhali kwa kompyuta hiyo ni saa nane usiku.

Bi_Nukta amejibu:

Usimlaumu, saa yake ni sahihi kuliko ya kompyuta. Iambie programu isimame na kutoa onyo kila inapokuta saa iliyo kati ya 00:00 na 05:59, na isimame vilevile ikikosa tarehe kabisa, badala ya kujijazia ya leo.