Programu ya kutunga aliasi imenilia bekapu za wiki nzima, nani aliomba msaada huu?

Jamani wakuu, niacheni niteme nyongo.

Niko Lamu, Langoni, natunza kompyuta ya nyumba moja ya wageni. Linux na Bash (programu inayopokea amri unazoandika), mambo ya kawaida. Kijana mmoja akanishawishi niweke programu inayosoma historia ya amri zako: ikiona amri ndefu unairudiarudia, inaitungia aliasi, yaani jina fupi la kuiita, na kuichomeka yenyewe kwenye .bashrc, faili ambalo Bash hulisoma kila ukifungua dirisha la amri. Haiulizi. Jina inaokota herufi za mwanzo au neno la ndani ya amri, basi.

Seva ya vyumba naiwasha kwa python seva.py. Ikaipa jina gani? ps! Ps, wakuu, amri ya zamani ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa! Na Bash huangalia aliasi kabla ya amri yenyewe. Kila nikiandika ps nione nini kinakula memori, inajaribu kuwaka seva ya pili, narushiwa kosa kwamba poti (mlango wa seva wa mtandao) imeshashikwa. Nusu saa nahangaika na poti, hadi nilipoandika type ps, inayosema jina ni la nini, nikamwona mchawi. Kumbe \ps tu ingetosha kumkwepa.

Hilo nililimeza. Hili la pili halimezeki.

Bekapu nafanya kila siku baada ya Magharibi. Programu ikaniandikia hivi, yaani fungasha wageni kwenye faili lenye tarehe ya siku:

alias bekapu="tar czf bekapu-$(date +%F).tgz wageni"

Tazameni hizo nukuu. Za mikia miwili! Ndani yake, date inafanya kazi pale .bashrc inaposomwa, si pale unapoita bekapu. Na mimi dirisha la amri nililifungua Jumatatu, sikulifunga tena (nani hufunga?). Kwa hiyo ya Jumanne, Jumatano na Alhamisi zote zimeandikwa juu ya faili la Jumatatu. Alhamisi mchana faili la wageni likaharibika, na jioni nikalifungasha hilo bovu juu ya zima kwa mkono wangu mwenyewe. Nukuu za mkia mmoja, '...', zingeniokoa.

Msinijie na "ungesoma kwanza". Programu inayoandika ndani ya .bashrc ya mtu bila hata kuuliza type kama jina lina mwenyewe, mimi ndiye wa kusoma?

Nimepiga unalias -a kuziondoa aliasi zote, nikafuta mistari yake yote kwenye .bashrc. Bekapu nzima niliyobaki nayo ni ya Jumapili. Asubuhi hii wageni wawili wameshuka jetini na mabegi, wanasema walilipia chumba cha juu siku ya Jumatano. Chumba cha juu kina watu. Haya, nani alale barazani?