Watu wa Sahare (Mashua ya Bibi)

*Jumatano*

Da Mwana, 3:05 asubuhi: Assalaam alaykum. Mashua imetembea tena usiku. Imeigonga ngalawa ya jirani, mrengu wake wa pembeni umevunjika. Nipo pwani naiangalia. Jamani someni.

Da Mwana, 3:06: Amari, kamba ya nanga, ni meta 10 tu. Pale tulipotia nanga maji yakijaa yanafika meta 4 na nusu, ukijumlisha na kimo cha omo, mbele ya mashua, ni 5. Kamba inaivuta nanga kwenda juu, inaing'oa. Inatakiwa mara tano ya kina hicho, yaani meta 25. Na kina kinapimwa maji yamejaa, si saa ile mnashuka suruali mmekunja.

Da Mwana, 3:08: Ijumaa bamvua, maji makubwa. Maji yatajaa saa 10 alfajiri, watu wamelala, na kusi hili. Kila nyumba elfu 10, leo kabla ya Adhuhuri.

Hamadi, 3:41: Mashua imekwenda kuposa 😂😂

Kombo Dar, 3:42: Mahari mrengu mmoja 😂

Da Mwana, 3:42: Mwenye ngalawa amekaa barazani kwa Bibi tangu asubuhi. Hacheki.

Kaka Shee, 5:20: Meta 25 ufuo ule? Kusi likivuma itazunguka mpaka miambani. Ama tuisogeze nje, ama nanga mbili: ya omo upande wa kilindi, ya tezi, nyuma, upande wa nchi kavu.

Da Mwana, 5:21: Nanga ya pili iko wapi?

Kaka Shee, 5:30: Baura ya Babu.

Da Mwana, 6:15 mchana: Mbona kimya? Wameona watu 19.

Ami Rashidi, 6:52: Nimeona na mimi. Semeni basi.

Kombo Dar, 6:53: Ami, hakuna aliyesema kitu.

Ami Rashidi, 6:53: Shee kasema baura. Na baba yake alisema hivyohivyo, watu wako matangani.

Tatu, 6:58: Samahani nilikuwa darasani. Elfu 10 ni kwa nyumba au kwa kila mtu?

Bibi, 8:10: 🎤 0:48

Rehema, 8:14: Kwa wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: baura isitajwe tena humu. Mrengu wa watu ulipwe kabla hamjanunua kamba, yeye Bibi ndiye anayepita mlangoni kwa mwenye ngalawa kila siku. Amari iwe pima 14, kama meta 25 hivi. Kesho maji yakipwa, saa 3 asubuhi, mtu aende kwa miguu akaione nanga imelala wapi. Kwenye mchanga itashika, kwenye nyasi haishiki.

Kaka Shee, 8:15: Sawa Bibi. Shikamoo.

Hamadi, 8:15: Sawa Bibi.

Ami Rashidi, 8:31: Sawa mama.

Da Mwana, 10:05 jioni: Zimeingia nyumba tatu, elfu 30. Zote zinakwenda kwenye mrengu, nampelekea sasa hivi. Kamba bado. Kesho saa 3 nani anaingia majini?

Hamadi, 10:20: Mimi niko sokoni mpaka saa 5.

Kaka Shee, 10:44: Nipo. Ila kuisogeza nje siwezi peke yangu.

Da Mwana, 10:45: Ami?

Ami Rashidi, 1:30 usiku: Nitapita.

Da Mwana, 1:31: Ahsante Ami. Na nanga ya tezi?